UZI: Nani kamwibia nani? Swamp Thing, Man-Thing na babu yao ambaye wengi hamumjui

MatopeMatupu (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu. Juzi kwenye uzi wa muvi kuna jamaa kaja anajiamini kabisa, kasema Swamp Thing wa DC kaibwa kutoka kwa Man-Thing wa Marvel, watu wakamgongea laiki, akaja mwingine akageuza kibao kwamba hapana Marvel ndo wezi, basi ikawa Simba na Yanga mpaka uzi ukafungwa. Mi nilikuwa kwenye daladala, chaji asilimia sita, nikameza mate nikatulia. Sasa nipo home, umeme upo, chai ipo, acha niteremke taratibu. Na niseme mapema kabisa, wote wawili mlipotea.

Kwa wageni wa haya mambo: DC na Marvel ni kampuni mbili za komiki za Marekani zinazoshindana, na hawa ni madude yao mawili kama mapacha. Kila mmoja alikuwa mwanasayansi, akaingia kwenye kinamasi huko kusini mwa Marekani akiwa na dawa yake ya siri, matope na magugu yakamrudisha akiwa jitu. Man-Thing alikuwa Ted Sallis, kinamasi chake ni Everglades kule Florida. Swamp Thing ni Alec Holland, yeye Louisiana.

Sasa tarehe. Man-Thing katokea Savage Tales namba 1, jalada linasema Mei 1971. Swamp Thing katokea House of Secrets namba 92, Juni-Julai 1971. Mnaona? Komiki inaandikwa, inachorwa kwa penseli, inapitishwa wino, inatiwa herufi, inaenda kiwandani, hiyo ni miezi. Hakuna mtu wa kuona ya mwenzie Mei halafu yake iwe mtaani Juni. Hoja ya "fulani kaona akakopi" inafia hapo hapo.

Ila utamu uko hapa. Gerry Conway, mmoja wa walioandika hadithi ya kwanza ya Man-Thing (pamoja na Roy Thomas, wazo likiwa limetoka kwa Stan Lee, michoro ya Gray Morrow), na Len Wein aliyeandika Swamp Thing, walikuwa WAMEPANGA PAMOJA. Wanaishi nyumba moja. Mmoja anaandika dude la matope la Marvel, mwingine la DC, wanapishana mlango wa choo.

Haijaisha. Hadithi ya pili ya Man-Thing, ile iliyotoka Astonishing Tales namba 12 ya Juni 1972, unajua kaandika nani? Len Wein huyo huyo, mchoraji Neal Adams. Yaani baba wa Swamp Thing kashawahi kumlea na Man-Thing. Leteni kesi yenu ya wizi sasa.

Kasuku7

Mkuu umeanza vizuri ila unatetea kijanja. Mtu na mwenzie wanakaa nyumba moja, wanatoa dude moja, halafu unasema hakuna wizi? Si ndo ushahidi wenyewe huo?

MatopeMatupu

Nilijua utakuja Kasuku. Subiri nikutenganishie kitu ambacho watu wengi wanakichanganya, Swamp Thing wapo wawili.

Yule wa 1971 kwenye House of Secrets hakuwa Alec Holland. Alikuwa anaitwa Alex Olsen, mambo ya mwanzoni mwa karne ya ishirini huko, magauni marefu na mataa ya kizamani. Hadithi yenyewe kurasa nane tu. Rafiki yake Damian anamtamani mkewe Linda, anamlipua jamaa maabara, anamzika kinamasini, anamuoa mjane. Linda anaanza kushtuka, Damian anataka kummaliza na yeye, ndo lile dude linapita dirishani. Linamuua Damian. Halafu linamgeukia mkewe, linataka kumwambia ni mimi, na koo halina sauti, na yule mwanamke anapiga mayowe tu. Linarudi zake kwenye matope. Basi. Ukiiweka hiyo pembeni ya Man-Thing ya Mei hazifanani kiviiile, moja ni ya majasusi na dawa ya wanajeshi, nyingine ni ya mapenzi na kaburi.

Ilivyouza, DC wakasema dude lifanyiwe komiki lake lenyewe. Swamp Thing namba 1, Oktoba-Novemba 1972, hapo ndo kaja Alec Holland, maabara ya siri, fomula ya kukuza mimea, bomu, jamaa anakimbia anawaka moto mpaka kwenye maji. HIYO ndo inafanana na Ted Sallis. Na watu wa Marvel walioliona hilo walikuwepo, Roy Thomas ameshaeleza kwamba Conway alimkalisha mwenzie akamwambia bana badilisha hiki chanzo, Len akasema mimi sioni kufanana, akaendelea. Minong'ono ya mahakamani ilikuwepo pale Marvel ila hawakufika popote, walichukulia ni bahati mbaya tu.

Na nadhani walijua kitu kingine. Ukifungua kesi ya dude la matope, kuna mtu wa tatu anaweza kunyoosha mkono nyuma ya chumba.

msee_wa_nai

Wacha nikae hapa kwa kona na popcorn zangu. Endelea buda, huyo wa tatu ni nani

MatopeMatupu

The Heap. Yaani Rundo. Air Fighters Comics namba 3, Desemba 1942, kampuni ya Hillman, mwandishi Harry Stein, mchoraji Mort Leav. Hapo Marekani wako vitani, komiki zote ni marubani na Wajerumani. Na hili dude lenyewe lilikuwa Mjerumani! Baron Eric von Emmelman, rubani wa vita kuu ya kwanza, kaangushwa 1918 kwenye kinamasi huko Poland. Hakufa kabisa wala hakupona, alikuwa na hamu ya kuishi kali sana, basi mwili ukaoza ukachanganyika na majani miaka na miaka, mpaka siku moja likanyanyuka rundo la manyoya manyoya na mizizi lenye pua kama mzizi unaoning'inia. Hiyo pua muikumbuke, mkiangalia uso wa Man-Thing mtaiona tena.

Mwanzo lilikuja kama mgeni tu kwenye hadithi za rubani Sky Wolf. Wasomaji wakalipenda, 1946 likapewa kurasa zake ndani ya Airboy Comics likadumu mpaka 1953. Halisemi, halifikiri, linatembea tu dunia nzima likikuta wabaya linawavunja shingo. Miaka saba hiyo, shujaa asiyejua kama yeye ni shujaa.

Na Heap naye ana babu. 1940, Agosti, jarida la Unknown, hadithi fupi ya Theodore Sturgeon jina lake "It". Hiyo sio komiki, ni maandishi matupu. Kitu kimejijenga msituni chenyewe kwa kuoza, juu ya mifupa ya mtu aliyekufa zamani. Hakina ubaya, kina udadisi tu. Kinakutana na mbwa, kinamchana kuona ndani kuna nini. Mwisho wake ni wa ajabu kuliko yote, hakiuawi na mtu, kinaingia kijito cha maji yanayotembea, na maji yanakiosha kinayeyuka, inabaki mifupa. Marvel wenyewe walikuja kuichora hiyo hadithi 1972, Supernatural Thrillers namba 1. Yaani wanajua fika wametokea wapi.

Kwa hiyo Kasuku, sio Len kamwibia Gerry wala Gerry kamwibia Len. Wote wamechota kisima kimoja, na ndoo ilikuwa imeshachotewa miaka thelathini.

Kasuku7

Sawa hapo nimelegea kidogo. KIDOGO. Ila Solomon Grundy umemruka, yule wa DC. Naye katoka kinamasini.

MatopeMatupu

Sijamruka nilikuwa nakunywa chai. Grundy ni Oktoba 1944, All-American Comics namba 61, tajiri mmoja anaitwa Cyrus Gold kauawa katupwa Slaughter Swamp, kafufuka hana kumbukumbu kitu pekee anachojua ni kwamba kazaliwa jumatatu, kama yule wa kwenye wimbo wa watoto wa Kiingereza. Ila yeye alikuja kama adui wa kupigana na shujaa Green Lantern basi, mbabe wa kurusha magari. Hana huzuni ya wenzie. Kwangu mimi ni binamu, sio babu.

Mrufiji

Samahanini wakuu mi ni mgeni wa komiki ila nimekulia Rufiji bondeni, na swali langu ni la ushamba. Kwa nini kinamasi? Kwetu kinamasi ni mpunga, kambale na mamba. Ukiniambia kuna kitu kimetoka majini nitauliza kina mkia au hakina. Hawa wenzetu wanaogopa nini pale?

dada_jalada

Kaka Mrufiji hilo swali sio la ushamba, ndo swali la uzi mzima. Mimi nionavyo ni hivi, kule Ulaya kaskazini kuna vinamasi ambavyo tope lake halina hewa na lina asidi, maiti haiozi. Denmark mwaka 1950 watu walikuwa wanachimba tope la kuwashia moto wakakuta mtu, ana sura kamili, kafumba macho, kavaa kofia ya ngozi, kitanzi shingoni. Wakaita polisi wakidhani kauawa juzi. Alikuwa na zaidi ya miaka elfu mbili. Anaitwa Tollund Man. Mtu aliyekulia na habari za hivyo ukimwambia kuna mfu kanyanyuka kwenye tope hakucheki.

Na huko kusini mwa Marekani kinamasi ndo kilikuwa mahali pa kukimbilia na kupotelea. Watumwa waliotoroka walijificha humo. Wafungwa vilevile. Kuna dude moja kabla ya hawa wawili, The Glob, Incredible Hulk namba 121 ya Novemba 1969, huyo alikuwa mfungwa mtoro aliyezama. Roy Thomas tena! Yule mzee alilipenda hilo Rundo kupita kiasi.

Halafu MatopeMatupu umeongelea waandishi tu kama kawaida yenu wanaume wa komiki, mchoraji wa Swamp Thing umemmeza. BERNIE WRIGHTSON. Lile jalada la namba 92, binti anachana nywele mbele ya kioo, na nyuma yake kuna kitu kinaingia, yule binti ni mtu wa kweli. Ni Louise Jones, ambaye baadae ndo Louise Simonson mhariri na mwandishi mkubwa. Wrightson aliwapanga marafiki zake akawapiga picha kisha akachora, yule mbaya Damian ni mchoraji mwenzie Michael Kaluta. Yaani komiki ya watu wa mtaa mmoja. Kwenye komiki ya Swamp Thing kachora namba 10 za kwanza tu, na ukiziangalia hizo kurasa kila jani lina kivuli chake. Akampokea Nestor Redondo, Mfilipino, mkono wa dhahabu na yeye. Wrightson kafariki Machi 2017, Len Wein Septemba mwaka huo huo. Miezi sita tu.

MatopeMatupu

Dada nimekubali kosa, piga fimbo nyingine.

Ngoja nijazie kwa nini ilikuwa 1971 na sio 1961, maana hapo pana sababu. 1954 bunge la Marekani lilikaa kusikiliza kama komiki zinaharibu watoto, kampuni zikaogopa zikajitungia kanuni zenyewe, kila jalada lazima liwe na muhuri, kama TBS ya komiki. Vampaya marufuku, mbwa mwitu mtu marufuku, maiti inayotembea marufuku, hata neno "horror" kwenye jina marufuku. Heap kashafungiwa mwaka mmoja kabla lakini hata angekuwepo asingepona. 1971 kanuni zikalegezwa, vampaya wakaruhusiwa, na kila kampuni ikakimbilia kabatini kutafuta dude lake. Mwezi wa tatu 1971, KABLA ya Man-Thing, kampuni ndogo inaitwa Skywald ilishamrudisha Heap mpya kwenye jarida la Psycho namba 2. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya mwaka mmoja, madude matatu. Savage Tales nayo ilikuwa jarida kubwa la rangi nyeusi na nyeupe, muhuri haikuuhitaji.

Kitu cha kuchekesha, zombi alibaki marufuku hata baada ya hapo. Marvel wakaazima neno "zuvembie" kutoka hadithi ya zamani ya Robert E. Howard wakaendelea kama kawaida. Wabongo tupu wale.

msee_wa_nai

😂😂 zuvembie. Lakini Man-Thing mwenyewe ni boring si ni ukweli? Haongei, hafikirii, anasimama tu hapo kama mkokoteni umekwama

MatopeMatupu

Hapana nakataa na hapa nitakaa sana.

Man-Thing hana akili, kweli. Anachonusa ni hisia za watu, na akinusa hofu inamuumiza, na akimgusa mwenye hofu anaungua. Mbaya asipoogopa haungui. Sasa mwandishi wa kawaida atakwambia hapa hamna hadithi, shujaa hana mawazo hana maneno. Kaja mwandishi Steve Gerber, kashika hadithi za Man-Thing kuanzia komiki ya Fear namba 11, akaona kwamba kama dude halifikiri basi hadithi sio yake, ni ya wale watu wanaopita kinamasini na mizigo yao. Baadae Man-Thing kapata komiki yake mwenyewe, na namba 5 ya mwaka 1974, mchoraji Mike Ploog, inaanza na mchekeshaji wa sarakasi kavaa nguo zake zote, rangi usoni, kasimama peke yake kinamasini analia. Man-Thing anamwangalia. Jamaa anajipiga risasi. Na dude linabaki pale, halijui limeona nini, linajua tu kwamba kulikuwa na maumivu na sasa hayapo. Komiki ya watoto hiyo, 1974! Kisha mzimu wa yule mchekeshaji unawakamata watu unawalazimisha waigize maisha yake. Nimeisoma nikiwa chuo usiku hosteli, jamaa wanapiga kelele za mpira koridoni, mi nimeganda.

Na ni huyo huyo Gerber humo humo kinamasini alimtoa bata anayeongea kavaa koti, Howard the Duck, Fear namba 19, Desemba 1973. Alimweka kama utani wa ukurasa, bata akawa maarufu kuliko mwenye nyumba mpaka akapata filamu 1986. Na kuhusu lile toleo nene lililoitwa Giant-Size Man-Thing, kwa Kiingereza hilo jina lina maana nyingine ya chumbani na hakuna aliyeshtuka mpaka limetoka, au walishtuka wakanyamaza.

Kasuku7

Sasa fika kwa Moore maana najua ndo unakoelekea, na mimi nina neno.

MatopeMatupu

Haya. Komiki ya kwanza ya Swamp Thing ilikufa 1976 namba 24. 1982 Wes Craven akatoa filamu, DC wakafufua komiki kubebea filamu, mwandishi Martin Pasko, ikaenda ikachoka. Wakampigia simu Mwingereza mmoja wa Northampton, Alan Moore. Kaanza namba 20, Januari 1984. Ile ya 20 kampiga dude risasi kaliua, kasafisha meza. Namba 21 ndo "The Anatomy Lesson".

Dude lipo kwenye jokofu la tajiri mmoja, Jenerali Sunderland. Kaajiriwa Woodrue, mwanasayansi ambaye mwenyewe ni nusu mmea, alichane aone limeundwaje. Anachana anakuta mapafu. Anayaangalia vizuri, sio mapafu, ni kitu cha nyuzi za majani kimetengenezwa sura ya mapafu, hakiwezi kuvuta hewa. Anakuta moyo, hausukumi chochote. Ubongo, hauna kazi yoyote ya ubongo. Mwili mzima umejaa viungo vya kuigiza. Kwa nini mmea uwe na mapafu usiyoyatumia? Anakaa wiki kadhaa hapati jibu, halafu anapata, na ndo pale utaweka komiki chini uangalie ukuta. Alec Holland ALIKUFA. Alikufa siku ile ile ya moto. Mimea ya kinamasi ilikula mwili wake wenye ile fomula ikanyonya na kumbukumbu zake, ikaamka ikidhani yenyewe ni Alec Holland. Imejitengenezea mapafu kwa sababu inakumbuka kupumua.

Yaani miaka kumi na mbili tulikuwa tunasoma habari za mtu anayetafuta namna ya kurudi kuwa mtu, na hapakuwa na mtu wa kurudi. Na hakubadilisha tukio hata moja la Wein, kabadilisha jibu tu.

Na Woodrue, baada ya kutukanwa na Sunderland, anafunga milango ya jengo kwa kompyuta na kuzima baridi la jokofu. Mmea haufi kwa risasi bana. Malizieni wenyewe.

Kasuku7

Neno langu hili hapa. Moore kaandika vizuri sikatai, ila kaua kilichokuwa kinaniuma. Dude la Wein lilikuwa na tumaini. Kila namba unasema labda leo atapona. Moore kamfanya mungu wa majani, anasafiri kupitia mizizi, anaotea popote, anakutana na baraza la miti. Mungu hanihuzunishi mimi. Mtu aliyekwama ndani ya matope ananihuzunisha.

MatopeMatupu

Hoja nzuri na nimeilalia. Ila jiulize, ulishawahi kuamini kweli atapona? Siku akipona komiki imefungwa. Kwa hiyo kila namba ulikuwa unadanganywa, na ulijua. Moore kaondoa uongo, kaweka huzuni ya kweli: kiumbe kinaomboleza mtu ambaye hakikuwahi kuwa yeye.

Kasuku7

Hmm. Nitakuja kujibu kesho.

dada_jalada

Kasuku kukosa jibu, ipigwe picha iwekwe makumbusho. Naongeza tu kwamba sio Moore peke yake, Bissette na Totleben walichora mpaka dude likaota uyoga na maua mgongoni, na ni wao waliotaka kuchora mtu anayefanana na Sting wa bendi ya Police, ndo kazaliwa John Constantine, yule mchawi wa DC, namba 37 ya 1985. Na namba 29 watu wa muhuri walikataa kuupitisha, DC wakaichapa bila muhuri. Miaka thelathini ya muhuri ikaanza kupasuka kwa sababu ya dude la matope.

Mrufiji

Wakuu nimesoma yote. Nianzie wapi mtu asiye na hela ya kununua mengi?

MatopeMatupu

Namba 21 mpaka 34 za Moore. Man-Thing ya Gerber tafuta hiyo ya mchekeshaji. House of Secrets 92 zile kurasa nane, dakika kumi tu.

dada_jalada

Na namba 32 usiruke, "Pog". Wageni wadogo kutoka sayari nyingine, wanyama wanyama hivi wazuri wanaongea lugha yao ya kitoto, wamefukuzwa kwao wanatafuta pa kuishi. Wanatua kinamasini wanadhani wamefika. Mmoja wao anafanana na mamba, anaona mamba wa kweli mtoni, anafurahi, anaingia majini kuwasalimia.

Mrufiji

Kaingia kwa mamba kwa hiari yake??

dada_jalada

Alidhani ni ndugu zake.

Mrufiji

Dah.